Kaa wa Siku ya Kuanua Tanga

Bibi yangu mzaa mama na baba yangu hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana. Si kwamba waligombana, hapana. Ni ukwe. Bibi akitokea njiani, baba anaingia migombani kumpisha. Baba akiingia uani, bibi anageuza kigoda na kutazama mlima. Majirani wengi walikuwa wameshayaacha mambo hayo, lakini hawa wawili waliyashika kana kwamba posa ilipokelewa jana. Kila neno lilipita kwangu. "Mwambie baba yako paa la jikoni linavuja," bibi anasema, na baba yuko pale pale kwenye gogo lake, amesikia vizuri sana, lakini anangoja nimgeukie. "Baba, bibi anasema paa la jikoni linavuja." "Mwambie bibi yako nitalipanda kesho." Jamani, nilichoka! Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kuendelea, na kazi niliyoipata duniani ikawa kubeba maneno kutoka kigodani hadi kwenye gogo.

Hatukuzaliwa kule mlimani. Sisi ni watoto wa mjini, wa Kihonda, nyumba za kiwanda. Baba alikuwa fundi mashine. Ikaja miaka ya ruksa, maduka yakafunguka kila kona ya Morogoro, mitumba ikatandikwa mpaka barazani kwa watu, kila mtu akawa mfanyabiashara, na katikati ya neema hiyo kiwanda cha baba kikafunga geti kikisubiri mwekezaji. Mpaka leo sijaelewa hesabu ile: bidhaa zimejaa, kazi hakuna. Nyumba nayo ilikuwa ya kiwanda, tukairudisha. Mama akasema, "Twendeni kwetu," tukapanda Uluguru na magodoro kichwani. Mama mwenyewe hakumaliza mwaka. Alishikwa na homa, akafa. Nalisema kwa kifupi kwa sababu nikilirefusha sitaweza kuendelea.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kwenye jambo lenyewe. Kwetu mlimani mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo wa mama. Mume ni mtu aliyekuja. Mama alipokuwa hai baba alikuwa na pa kushika; mama alipoondoka, mjomba, kaka mkubwa wa mama, alimwita akamweleza kwa upole, upole ule wa kuudhi, kwamba tanga la msiba likishaanuliwa shemeji akapumzike kwao Tabora. Watoto wabaki, wao wana kwao. "Mkataa kwao mtumwa, shemeji," akamalizia. Kwao! Baba aliondoka kwao kijana mbichi. Wazazi wake walishakufa, na ndugu waliobaki walikuwa wakimtambua kwa kumkazia macho kwanza. Kwa hiyo tulichokuwa tunakingoja pale nyumbani ni siku ambayo mimi na wadogo zangu tungekuwa hatuna mama wala baba. Mtu pekee aliyeweza kulizuia alikuwa bibi, mwenye mji, na bibi alikuwa kimya.

Majirani walizidi kutuvuruga. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, mnajua, na mtani hana simile. "We Mnyamwezi, mzigo umeshafunga? Nyie wapagazi hamtulii pamoja!" Wanacheka, baba naye anacheka na kuwarudishia. Kisha akiingia ndani ananiuliza kwa sauti ya chini, "Hivi wanatania, au wananiambia?" Mimi nitajuaje? Nilikuwa nawachunguza midomo wakicheka, nikawa sijui.

Wakati huo huo akaja dada mmoja wa chuo kikuu. Mjomba alimpa chumba cha uani. Alikuja na ndoo zenye mifuniko, vyandarua vidogo vya mkono na chupa nyingi za dawa ya kuhifadhia, na jambo la kwanza alilowauliza watoto baada ya salamu lilikuwa, "Jamani, kaa wanakaa wapi huku?" Watoto wakaanguka kicheko. "Kaa wanakaa kwao!" Dada wa watu akasimama na ndoo yake, hajui amekosea nini. Nilimhurumia, nikamwonyesha kijito, na kuanzia hapo nikawa msaidizi wake.

Mimi nilidhani anataka kuwala. Kumbe alikuwa anatafuta asili yao. Alisema kaa, kamba na jamaa zao wote wadogo wa majini ukoo wao wa zamani ulitoka baharini, zamani ambayo hata ukiitamka ulimi hauamini. Wengine wakaingia mitoni, wengine wakaishia kwenye madimbwi. Alikuwa na chupa ya vidudu vyenye magamba mawili, vidogo kuliko ufuta, alivyovikusanya mahali pengine, akasema jamaa za vidudu hivyo wako karibu dunia nzima. Nikamuuliza walipitaje. Akasema mayai yao hukauka pamoja na tope yasife, upepo ukayapeperusha, bata akayabeba kwenye miguu, ng'ombe kwenye kwato. Sawa, hilo nililielewa. Kisha akageuza jiwe, akamshika kaa mdogo wa kijito, akamlaza chali na kumfunua tumbo. Chini ya kile kifuniko cha tumbo palikuwa na watoto wamejazana, kila mmoja kaa kamili, mdogo kama punje ya uwele.

"Kaa wa baharini anamwaga watoto wake, mawimbi yanalea," akasema. "Huyu analea mwenyewe tumboni. Ukimtupa baharini hafiki mbali. Haya niambie, alifikaje huku juu?"

"Si alizaliwa hapa hapa?"

"Na mama yake?"

"Hapa hapa."

"Na yule wa kwanza kabisa?"

Nikakasirika. Sipendi kuulizwa swali na mtu anayelijua jibu. "Wa kwanza aliumbwa!" nikamwambia.

Hakunicheka. Akasema haya, tuseme hivyo, lakini mbona jamaa zake wa karibu wako visiwani, ng'ambo ya maji ya chumvi ambayo wasingeyavuka? Wataalamu wengine wanasema walipanda magogo yaliyosombwa na mafuriko. Wengine wanasema hapana, zamani nchi zote hizi zilikuwa nchi moja, ikapasuka, kila kipande kikaondoka na wanyama wake mgongoni.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui," akajibu. "Ndiyo maana natembea na ndoo."

Ala! Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, hajui! Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka, nikamweleza baba. Aliacha kunoa panga. "Ngoja kwanza," akasema. "Kwa hiyo aliyehama ni ardhi? Kaa yeye alikaa tu?"

"Ndivyo baadhi yao wanavyosema."

"Sasa hapo mwenyeji ni nani?"

Alikaa na lile panga mapajani muda mrefu, na nilijua hafikirii kaa.

Bibi naye hakukosa lake. Dada alimletea ile chupa ya vidudu vya magamba, akamweleza kwamba kuna aina ambazo hazina madume. Majike wanazaa majike, na majike hao nao wanazaa majike, tangu enzi na enzi, na hakuna aliyewahi kumwona dume wao. Bibi alishika chupa akaisogeza puani, akaisogeza mbali, hakuona kitu. Macho yake yalikuwa ya mbali tu: mbuzi wa jirani akiingia kwenye maharage ng'ambo ya kijito, bibi atamwona na kumtukana kwa rangi yake, lakini mchele nilikuwa namchambulia mimi, na uzi wa sindano nikimtungia mimi. Akarudisha chupa. "Majike watupu?" akauliza. "Na mashamba yanakwenda kwa majike?" Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama. "Mwe! Hao si Waluguru hao!" Kisha akanivuta sikio. "Usimwambie baba yako." Na baba yuko kwenye gogo, anajizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika.

Sitasahau siku hiyo. Nilidhani mambo yataishia vizuri.

Lakini likaja la gambuti. Baba alikuwa na gambuti alizotoka nazo Tabora, alipokwenda kumzika baba yake. Alikuwa amewasaidia ndugu kwenye majaruba ya mpunga, akarudi nazo na tope lake, zikatundikwa, tope likakauka likawa kama saruji. Dada wa chuo alipoziona macho yalimtoka. Akaomba ruhusa, akalikwangua lile tope kwa kisu likaingia kwenye beseni la maji ya mvua. Baba akaninong'oneza, "Huyu binti yuko sawasawa?" Tukaliacha beseni chini ya upenu, nami nikalisahau.

Siku moja mdogo wangu akapiga kelele. Tukakimbilia beseni. Ndani yake vilikuwa vinaogelea vijikamba vyeupe, vyembamba kama kucha iliyokatwa, vimelala chali, miguu juu inapepea. Baba alichuchumaa. "Hawa nawajua," akasema. "Hawa wa kwetu. Mvua ya kwanza ikinyesha majarubani, tulikuwa tunawachota kwa viganja." Majirani wakaja kuangalia, na utani ukawashika. "Lo! Mnyamwezi kabeba tena! Safari hii kabeba mizigo hai!" Baba alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea kicheko kikiwa kimekwisha. Wale wadudu walikuwa wametundikwa ukutani muda wote ule, wakavu, kwenye nyumba ya wakwe, nao walikuwa hai.

Nikachukua beseni. Nilitaka kwenda kuwamwaga kijitoni waishi. Dada akaruka kunizuia. "Usithubutu! Si wa huku hao. Mgeni ukimwingiza kwenye maji yasiyo yake, anaweza kuharibu kila kitu."

Alisema vile kwa kazi yake, najua. Hakuwa na baya. Lakini baba alikuwa amechuchumaa pale pale. Aliinuka, akajifuta magoti, akasema, "Kweli kabisa," akaingia ndani. Nilimgeukia yule dada nikamrukia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilipomweleza kisa chetu chote aliketi chini akajishika kichwa, akasema maskini, mimi nilikuwa nasema habari za wadudu. Nyoo! Na sisi tulikuwa tunasema habari gani?

Jioni baba aliniambia, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, nikalima, nikamzika mke. Mbona bado mgeni?" Alikuwa ameanza kukunja nguo zake.

Siku ya kuanua tanga ilifika. Katekista alisali, tukala wali na maharage, ndugu wa ukoo wamejaa uani. Jua lilikuwa linashuka upande wa bonde. Mjomba alisimama, akashukuru watu wote, akamshukuru shemeji kwa kumtunza dada yake, akasema sasa shemeji anatuaga. Baba akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti lake la kiwandani, begi mkononi, zile gambuti zimefungwa juu ya begi kwa kamba. Wadogo zangu wakaanza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira. Nilikasirikia kila mtu pale, pamoja na mama kwa kufa.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, upande wa pili wa uwanja. Baba hakumsogelea. Alisimama karibu na ukuta wa chumba cha dada, pale zinapowekwa ndoo, akatazama chini kama inavyotakiwa mbele ya mkwe, akaniambia mimi, "Mwambie bibi yako ninaondoka. Mwambie nashukuru, na kama kuna mahali nilikosa anisamehe."

Nikageuka. "Bibi," nikaanza, "baba anasema..."

"Kaa," bibi akasema.

Uwanja wote ukanyamaza. Baba akaweka begi chini, haraka, akaketi juu yake.

Na hapo hapo, au kabla ya hapo, au baada ya hapo, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo, mdogo wangu akapiga yowe, "Kaa katoka!" Mfuniko wa ndoo ulikuwa umekaa upande. Kaa mmoja alikuwa anakatiza uwanja kwa ubavu, mapana yake kama kifuniko cha chupa ya soda, akaenda kujificha chini ya sufuria ya maharage.

Basi watu wakagawanyika! Mjomba alikuwa wa kwanza. "Mama kamwona kaa! Mama kamwona mdudu, akamtaja! Tangu lini mkwe akaambiwa 'kaa' kavukavu namna hiyo? Angekuwa anamwambia shemeji angesema 'kaeni'! Na isitoshe angempitisha mtoto!" Wengine wakaitikia, kweli, kweli, ukwe hauvunjwi hivi hivi. Mama mmoja wa ukoo akasema, "Wewe nawe, mtu amezika mwanawe, akumbuke na 'kaeni'?" Katekista akasema neno limetoka, liheshimiwe. Dada wa chuo alikuwa anatambaa chini ya sufuria akimtafuta kaa wake, huku analia kwamba kosa ni lake, mfuniko aliufunga vibaya. Watani ndio waliomaliza: "Mnyamwezi kakaa! Mnyamwezi kashatua mzigo, nani atamtwika tena?"

Wote tukamtazama bibi. Bibi aligeuza kigoda akatazama mlima.

Mjomba alingoja neno la pili, halikuja. Kumwuliza mama yake mbele ya watu, "Ulisema kaa yupi?" alishindwa, maana akijibiwa vibaya ataiweka wapi sura yake? Giza likaingia, watu wakatawanyika wakiendelea kubishana njiani. Asubuhi bibi akaniita. "Mwambie baba yako paa la jikoni bado linavuja." Baba alikuwa kwenye gogo. Sikumgeukia hata, alishakuwa anatafuta ngazi.

Akabaki. Alitulea pale pale, alilima maharage na karoti za ukoo, alipeleka mboga mjini na mjomba wakibebeana mizigo na kutaniana. Yule dada aliondoka na chupa zake. Kaa wa kijito chetu alikuwa wa aina gani, na alifikaje, hakurudi kutuambia. Bibi na baba waliendelea kupishana njiani na kuzungumza kupitia kwangu, na nilipoolewa, kupitia kwa mdogo wangu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Bibi alipofariki, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Siku ya pili ya msiba baba aliniambia nimsindikize kwenye kaburi la bibi, lililo jirani na la mama. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo. Tulisimama pale, na ghafla akasema bila kunitazama:

"Mimi nilimwona yule kaa."

"Kaa yupi, baba?"

"Wa siku ile. Alipita mbele ya kiatu changu, akaelekea kwa bibi yako. Mama mkwe aliposema kaa, nilijua anamtaja yeye. Nilijua kabisa. Nikaketi haraka kabla hajalifafanua." Akauchimba udongo kwa ncha ya fimbo. "Miaka yote hii mwanangu nimekaa kwa neno la wizi. Kila alipokuita, moyo wangu ulikuwa unasema, leo ndiyo leo, leo atasema nilikuwa namtaja kaa, siyo wewe."

Baba yangu alipanda paa lile kila masika na hofu hiyo kifuani, nasi tukidhani ametulia! Halafu nikakumbuka.

"Baba, mchele wa bibi alikuwa anachambua nani?"

"Wewe."

"Na uzi wa sindano?"

"Wewe."

"Kwa sababu gani?"

Akanitazama.

"Bibi hakuwa anaona kitu cha karibu, baba. Chupa nzima ya wadudu ilikuwa puani kwake hakuiona. Kaa wa ukubwa ule, chini, jua linazama, angemwonea wapi? Wewe ulikuwa mbali, ukutani, na begi lako. Wewe alikuona."

"Una hakika?" akaniuliza.

Sikuwa na hakika. Mdogo wangu alipiga yowe lini? Kabla ya bibi, au baada? Kama ni kabla, bibi hakuhitaji macho, masikio yalimtosha. Nimeirudia jioni ile kichwani mara ngapi sijui, na kila mara inakuja kwa mpangilio wake.

"Nina hakika, baba," nikasema.

Kisha, kwa mazoea, akanigeukia. "Mwambie bibi yako..." Akasita. Akaligeukia kaburi mwenyewe, akavua kofia.

"Nimekaa, mama," akasema.